Walisema Alikataa Chakula

Kipande cha nyama chenyewe hakikuzidi punje ya maharage. Nilikiona kwa macho yangu kikiwa kwenye nyasi, kimejaa mate, na hadi leo nikikumbuka siku ile ndicho kinachonijia kwanza, kabla ya kelele na kabla ya uso wa mume wangu. Nilitegemea kuona pande la nyama, au mfupa, kitu cha kumfanya mtu mzima aache kupumua. Kumbe ni kile tu.

Tulikuwa Gendabi, nyumbani kwa kaka mkubwa wa mume wangu. Binti yake alikuwa amepata kipaimara asubuhi, na mchana uwanja ulijaa: ndugu wa ukoo, majirani wakulima, walimu, na tabibu wa zahanati, mama mmoja wa makamo kutoka Mtwara ambaye bado alikuwa anashangaa baridi ya huku. Wanaume walikaa upande wa zizi na nyama zao za kuchoma. Sisi wanawake tulikuwa upande wa jiko tukipakua pilau. Nilikuwa na sahani mkononi niliposikia upande wa wanaume umenyamaza. Watu wanaokula nyama hawanyamazi namna ile. Nikageuka.

Mume wangu alikuwa amesimama. Mkono mmoja ameshika shingo, mwingine unatafuta kitu hewani. Mdomo uko wazi lakini sauti haitoki. Angekuwa anakohoa ningeshukuru.

"Mpe maji!" mtu akapiga kelele, na wengine wakadakia, "Maji! Maji jamani!" Shemeji yangu, yaani yule kaka mkubwa, akamshika kidevu, akakiinua, akammiminia maji ya chupa mdomoni. Maji yakarudi kupitia puani. Uso wa mume wangu ukawa wa majivu, na midomo ikaingia weusi ambao sijawahi kuuona kwa mtu aliye hai.

Yule tabibu alimsukuma shemeji pembeni bila kuomba radhi. "Acheni maji! Mtamwua!" Akamwinamisha mume wangu, akampiga mgongoni kwa kiganja, kisha akamzunguka kwa nyuma, akamkumbatia chini ya mbavu na kumbana kwa nguvu kuelekea juu. Akambana tena. Akambana tena. Ndipo kile kipande kikaruka, na mume wangu akavuta pumzi kwa mlio ambao hata ng'ombe zizini waliugeukia.

Nilikuwa nimeshafika, nimepiga magoti mbele yake, sijui sahani niliitupa wapi. Hapo hapo nikasikia sauti ya shangazi yake nyuma yangu, kwa Kidatoga, lugha ya kwao, lakini maneno hayo nilikuwa nimeshayajifunza.

"Kama mama yake."

Wanawake waliokuwa karibu wakainamisha macho.

"Shangazi, kama mama yake vipi?" nikauliza.

"Kapakue chakula, Mwalimu," akanijibu. "Watoto wana njaa."

Mimi si mtu wa huku. Nilizaliwa Songea, nikapangiwa kufundisha shule ya msingi Dongobesh wakati sijui hata Mbulu iko upande gani wa nchi. Mume wangu alikuwa bwana mifugo wa kata. Alikuja siku moja kuchanja mbwa kwenye uwanja wa shule yetu, mrefu, mtaratibu, anazungumza na mbwa wakali kwa heshima kuliko alivyozungumza na mwalimu mkuu. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa Hanang na yeye ndiye wa kwanza kwao kufika chuo. Tulipoanza kuzungumza mambo ya ndoa nilimwuliza habari za mama yake. Akasema alifariki. Nikauliza ugonjwa gani. Akasema, "Alikataa chakula," na hakuongeza neno. Kwa desturi ya kwao mke wa mtoto hata jina la mama mkwe halitaji, basi nikaona si mahali pangu kuchimba. Nilijiambia labda ni huzuni, labda alikuwa mzee sana.

Ugonjwa wa mume wangu ulianza mikononi, tukiwa tumeshapata binti yetu. Asubuhi za baridi alikuwa akishika kitasa cha mlango, vidole vinachelewa kuachia. Alishika bomba la sindano akimchoma ng'ombe, na ng'ombe akishaondoka yeye bado amelibana. Baadaye kope zikaanza kushuka, watu wakawa wanamwuliza kama amelala vizuri. Kisha miguu. Hospitalini walituambia ni ugonjwa wa kurithi, wa kudhoofika kwa misuli, kwamba utaenda polepole na hauna dawa ya kuuondoa.

Tukajiandaa kwa ajili ya miguu. Tulihama nyumba ya ngazi tukapanga iliyo sawa na ardhi. Fundi akatuwekea choo cha kukaa. Pikipiki ya kazi akaiacha, akaomba kazi za ofisini. Nilikuwa najiona mtu aliyejipanga. Koo hatukulifikiria kabisa. Pengine daktari alilitaja siku ile ya kwanza, nasi tulikuwa tumeshaacha kusikia. Mtu akishaambiwa hakuna dawa, masikio yanaziba. Nimechora mfumo wa chakula ubaoni mara nyingi, mdomo, koo, tumbo, kama bomba ambalo chakula kinashuka chenyewe. Kwamba kumeza nako ni kazi ya misuli, na misuli hiyo inaweza kuchoka kama ya mguu, halikunijia akilini hata mara moja.

Tuliporudi Dongobesh kutoka kwenye ile sherehe, nilimkalisha mezani, binti yetu akiwa kwa jirani.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanyie hivyo. Nilikuona unakufa."

Akajifuta mate pembeni ya mdomo kwa leso. Hata ile leso nilikuwa nimeizoea, nikidhani ni mafua.

"Nyama niliacha muda mrefu," akasema. "Lakini pale kwa kaka ningekataaje? Kakaa mbele yangu, ananikatia yeye mwenyewe."

"Na chakula kingine?"

"Kinasimama hapa." Akagusa chini ya kidevu. "Nakisukuma kwa maji. Kikikataa, naenda nyuma ya nyumba."

Chakula cha mchana ofisini alikuwa anampa mlinzi. Nyumbani aliniambia ameshiba huko kazini, nami nikawa namwekea ugali kidogo kwa kuamini ameshiba. Mkanda wa suruali alikuwa ameutoboa matundu mapya kwa msumari. Kifua kilichokuwa kikimrudia, homa, kikohozi cha baada ya kula, zile nimonia tulizotibu na vile vipimo vya kifua kikuu vilivyorudi safi kila tulipopeleka makohozi, vyote nilikuwa nimeviona, kila kimoja peke yake. Sasa vilisimama pamoja mbele yangu mezani. Mtu ninayelala naye kitanda kimoja alikuwa na njaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu najua inaishaje."

"Inaishaje?"

Nikamjibia mwenyewe. "Kama mama?"

Akaitikia kwa kichwa, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kuambiwa hakuna dawa.

Tulikwenda hospitali ya rufaa, safari ya kutwa nzima. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Akamkalisha mume wangu wima, akampa kijiko cha maji. Akameza. Hakukohoa. Nikafurahi.

"Sema aaa," daktari akamwambia.

Akasema. Sauti ilitoka na mchiriziko ndani yake, kama mtu anayeongea huku anasukutua. Daktari hakufurahi. Akatupeleka chumba cha picha, wakampa kinywaji cheupe kizito kama chokaa, na mashine ikawa inaonyesha picha inayotembea. Niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo. Daktari aliweka kidole kwenye skrini.

"Hii ndiyo njia ya chakula. Hii ya mbele ni njia ya hewa. Sasa tazama."

Nikatazama. Ule weupe ulijikusanya juu ya koo, ukakaa, ukasita. Nusu yake ikashuka nyuma. Halafu mstari mwembamba ukateremka mbele, taratibu, bila kizuizi, kuelekea mapafuni. Nikamtazama mume wangu kule ndani. Alikuwa ametulia. Aliniona nikimtazama akanitabasamia.

"Mbona hakohoi?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikipanda.

"Hasikii," daktari akasema. "Koo lake halimwambii tena. Nyama ile mliyoniambia iliwatisha kwa sababu ilipiga kelele. Kinachomwumiza kila siku ni maji. Na chai, na maziwa mabichi. Vinakwenda mapafuni kimya kimya."

Nilishika ukingo wa meza. Maji! Kila aliponiambia kifua kinamsumbua nilimpa maji ya uvuguvugu. Ukoo mzima ulikuwa umemwinulia kidevu na kummiminia maji.

Tuliporudi ofisini kwake daktari akatueleza: ale amekaa wima, kidevu akiinamishe kuelekea kifuani wakati wa kumeza, tonge dogo, ameze mara mbili kabla ya tonge jingine, asizungumze na chakula mdomoni, asilale mara baada ya kula. Vinywaji viwe vizito, uji mzito, mtindi. Uzito ukiendelea kushuka, kuna mpira unaowekwa tumboni kwa upasuaji mdogo, chakula kinapita humo. Mume wangu alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa. Kisha daktari akauliza swali lake la mwisho, kwa sauti ile ile.

"Kwenye ukoo wenu kuna mwingine aliyekuwa hivi?"

Mume wangu alikunja leso yake mara mbili.

"Mama," akasema. "Lakini yeye alikataa chakula."

"Alikataaje?"

"Aliacha kula na watu. Akawa anajifungia. Akakonda, akaisha."

"Sauti yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa inatokea puani. Mwisho hatukuwa tunamwelewa."

"Macho?"

"Kama yangu."

"Mikono yake, je?"

Hapo mume wangu akainua uso. "Akianza kukamua," akasema polepole, "mkono ulikuwa hauachi chuchu. Ng'ombe wanampiga teke. Baba alikuwa anamgombeza kwamba anakamua kwa hasira."

Daktari aliweka kalamu chini. "Baba," akamwambia, kwa heshima ile ya kumwita mtu mzima baba, "mama yako hakukataa chakula. Koo lake lilishindwa. Alikuwa na njaa."

Mume wangu alinyanyuka, akatoka nje bila fimbo yake ya kutembelea. Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, amejishika kichwa, anarudia neno moja: "Walimfukuza. Walimfukuza." Nikadhani anazungumzia mama yake. Hapana. Pale kwenye benchi ndipo aliponiambia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu hakuna mtu wa kwao aliyewahi kulitamka mbele yangu.

Kaka yake alikuwa na mke mwingine kabla ya huyu ninayemjua. Alikuwa binti kutoka Getanuwas, mgeni kwenye boma, hajapata mtoto bado, na ndiye aliyekuwa anampikia mama mkwe. Mama alipoanza kukonda, marehemu baba mkwe alikwenda kwa mganga wa kienyeji, na mganga akasema mkono unaompikia ndio unaomfunga koo. Wanaume wa ukoo wakakaa kikao. Mume wangu alikuwa chuoni wakati huo. Alisikia habari ikiwa imeshakwisha. Yule binti alirudishwa kwao mchana kweupe, na kila boma alilopita lilijua anarudishwa kwa nini.

"Alipoondoka, mama alianza kula?" nikauliza.

"Hapana. Alikufa kabla ya mavuno."

"Na hakuna aliyejiuliza?"

"Walisema alikuwa ameshafungwa. Walisema tulichelewa kumfukuza."

Watu walipita mbele yetu na faili zao, mtoto mmoja alikuwa analia kwenye chumba cha sindano, na mimi nilikuwa nimekaa na mwanamke nisiyemjua kifuani kwangu, anatembea kwenye nyanda za Hanang na mzigo wake kichwani.

Kabla hata ya kurudi kazini tulikwenda Gendabi. Shemeji alitupokea uwanjani. Ni mtu wa maneno machache, watu wanamwogopa, na mimi nilikuwa namwogopa pia. Nilimwamkia, akaitikia. Mume wangu akamweleza yote, picha ile, maji, koo, mama. Shemeji alisikiliza akitazama mlima.

"Hao madaktari," akasema, "walimwona mama?"

"Hawakumwona."

"Basi wanajuaje?"

Mume wangu hakubishana. Aliniomba chakula. Nilikuwa nimebeba viazi vya kuponda na mtindi, nikamwekea kwenye bakuli. Akakaa kwenye kiti mbele ya kaka yake, mahali pa wazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu, akaanza kula. Kijiko kidogo. Kidevu chini. Akameza, shingo ikakaza kama mtu anayenyanyua gunia, akameza tena. Akapumzika. Mtindi kidogo ukamtoka puani, akaufuta. Kijiko kingine. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba watoto waliokuwa wanacheza walikuja wakaangalia, wakachoka, wakaondoka. Shemeji hakuondoa macho.

Bakuli likiwa bado nusu, akasema, "Mama alikuwa anafanya hivyo na shingo."

Mume wangu akaweka kijiko chini.

"Maziwa yalikuwa yanamtoka puani," shemeji akaendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tulisema ni ishara. Na siku ya kikao tulimleta mama, tukamwuliza, ni huyu anayekufunga? Akatikisa kichwa. Akatikisa sana, na akawa anasema kitu, hatukumwelewa. Baba akasema, mnaona, anamkataa huyu mwanamke." Akanigeukia. "Mwalimu, alikuwa anasema hapana. Alikuwa anatuambia hapana."

Alinyanyuka, akaenda zizini, akasimama katikati ya ng'ombe wake akiwa ametugeuzia mgongo. Hatukumfuata.

Siku chache baadaye mimi na mume wangu tulichukua gari la kukodi hadi Getanuwas. Shemeji alitaka kwenda mwenyewe, mume wangu akamwambia asubiri. Mwanamke yule ana haki ya kuchagua kama anataka kumwona. Tulimkuta anapepeta mtama nje ya nyumba yake, kwenye kiwanja cha kaka yake. Ni mwanamke mkubwa kwangu kidogo kwa umri, mwenye mabega mapana na shuka jekundu lililofifia. Hakuolewa tena. Habari ilifika kabla yake kila alipoposwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Akamtazama mume wangu, fimbo, kope, na nikaona amemtambua. "Umekuwa kama yeye," akasema.

Tulimweleza. Mume wangu alisema neno kwa neno yale aliyoyasema daktari, kisha akaomba radhi kwa niaba ya nyumba yao. Mwanamke hakulia, wala hakukasirika. Ungo ulikuwa bado mapajani mwake, na vidole vyake vilikuwa vinaokota mawe madogo kwenye mtama kama vile hatupo.

"Ulikuwa ugonjwa," akasema mwishowe.

"Ulikuwa ugonjwa."

"Wa kuzaliwa nao."

"Wa kuzaliwa nao, dada. Mimi ninao."

"Siyo mlenda?"

Hatukumwelewa. Akatutazama mmoja mmoja, na macho yake ndiyo yaliyonivunja, kwa sababu yalikuwa ya mtu anayeogopa kuamini.

"Nilikuwa nampikia mlenda," akasema, "kwa sababu ndio uliokuwa unampita. Vingine havikupita. Nikawa nachuma porini, kila siku, hata kiangazi, naenda mbali. Waliponiambia nimemwua, nilikaa nikafikiri. Nikasema labda nilichuma jani lisilo lenyewe. Sikumfanyia uchawi, hilo nililijua. Lakini jani? Ningejuaje? Miaka yote hii sijachuma mlenda. Sijampikia mgonjwa yeyote. Mama yangu mzazi alipougua, nilimwachia mke wa kaka apike, nikaogopa mkono wangu."

Nilikuja pale nikidhani tunampelekea mwanamke habari kwamba wengine walikosea. Sikujua kwamba naye alikuwa amejihukumu. Nilitaka kumwambia kwamba mlenda wake, mzito, unaoteleza, ndicho chakula ambacho daktari mwenyewe angekichagua, kwamba bila ule mlenda mama mkwe angekufa mapema zaidi. Nikajaribu kusema, sauti ikanikatika. Mume wangu akalisema badala yangu. Alipomaliza, yule mwanamke aliweka ungo chini, akaingia ndani, na tukamsikia analia kwa sauti kubwa, kilio cha msiba, kana kwamba mama mkwe amekufa asubuhi ile.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. "Kurudi kule sitarudi," akasema. "Ana mke, na mimi nina maisha yangu. Ila walilisema mbele ya watu. Walifute mbele ya watu."

Likafutwa. Shemeji aliwaita wanaume wa ukoo waliobaki, na wanawake, na majirani, akaua ng'ombe. Yule mwanamke alikuja na kaka zake, amevaa shuka jipya, akakaa kwenye kiti alichowekewa mbele. Shemeji alisimama. Nilitegemea maneno ya mzunguko, kama wanaume wazima wanavyofanya. Alisema tu hivi:

"Mama yetu alikufa kwa ugonjwa wa damu yetu. Huyu hakumfanya kitu. Huyu peke yake ndiye aliyemlisha. Sisi tulimfukuza, na baada ya hapo mama alikufa na njaa." Akamgeukia. "Nimekukosea."

Shangazi, yule aliyeniambia kapakue chakula, alijifunika uso kwa khanga. Baadhi ya wazee walitazama chini, mmoja akanong'ona kwamba mambo ya zamani hayafai kufukuliwa. Mwanamke wa Getanuwas alisubiri mpaka pakawa kimya.

"Nimesikia," akasema. Hakusema amesamehe. Akanyanyuka, kaka zake wakanyanyuka, wakaondoka bila kugusa nyama. Nilidhani watu watakasirika, lakini hakuna aliyethubutu.

Baada ya wageni kutawanyika, shemeji alitusindikiza hadi gari lilipokuwa. Mume wangu akaingia taratibu, mguu mmoja kisha mwingine. Shemeji akanivuta pembeni, jambo ambalo si la kawaida kabisa kwake.

"Mwalimu, daktari alisema ni wa damu?"

"Ndiyo, shemeji. Anayezaliwa na mwenye nao anaweza kuupata, anaweza asiupate."

"Unaanza wapi?"

"Kwa mume wangu ulianza mikononi. Na usoni."

Akatazama kule ng'ombe walikokuwa wanarudi, na mchungaji nyuma yao.

"Siku hizi siwezi kupiga mluzi," akasema. "Najaribu, hewa inatoka tu. Ng'ombe wangu hawanisikii tena."

Nilimtazama mdomo. Miaka yote nilidhani uso ule haucheki kwa sababu ya ukali tu. Nikabaki nimeshika mlango wa gari.

Tulikwenda naye hospitali ya rufaa mwezi uliofuata. Mume wangu alikuwa na miadi yake ya mpira wa tumboni, amekubali baada ya kupima na kukuta uzito bado unashuka. Alisema anataka nguvu za kumwona binti yetu akimaliza shule, na kwamba uji ukipitia tumboni hautamkumbusha ladha ya chochote lakini utamshibisha. Binti tulimweleza pia, kwa lugha ya umri wake. Aliuliza kama koo lake litashindwa, tukamwambia ukweli kwamba hatujui, na akikua atachagua mwenyewe kama anataka kupimwa.

Ndugu hao wawili walikaa kwenye benchi moja, mabega yamegusana. Muuguzi alipoita jina la shemeji, alisimama, akarudi hatua moja kwangu.

"Mke wangu nimwambie leo, au nisubiri majibu?"

"Mwambie leo," nikasema.

Akatoa simu mfukoni na kumpigia pale pale, muuguzi akiwa ameshika mlango wazi anamsubiri.